Tulivyompokea Mkaguzi wa Maji

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo niliiona nzuri kabisa mpaka saa kumi alasiri. Baada ya saa kumi niliona haya, na haya hiyo ilikaa nami muda mrefu, ingawa leo nikiikumbuka nacheka mpaka meno yangu yanaonekana, yale machache yaliyobaki. Keti hapa nikusimulie. Usiogope, hakuna msiba ndani yake. Kuna viti, kuku mmoja na ulimi wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilishona kwa fundi mmoja kule Kamalondo, hapahapa Lubumbashi, na nilijiona. Msichana anayejua kushona gauni la kitenge likamkaa mtu vizuri lazima ajione kidogo, na mimi sikujizuia. Nilikaa kwa kaka yangu na mke wake, Bea, na mtoto wao wa kwanza, huko Hewa Bora, kwenye avenyu ya mwisho kabisa, pale nyumba zilipobanana hata jirani akipiga chafya wewe unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Mtaa wetu ulikuwa na jina zuri, na ubora wa hewa yake ulitegemea upepo unatoka upande gani wa vyoo.

Taabu yetu kubwa ilikuwa maji. Avenyu nzima ilikuwa na kisima kimoja, kilichochimbwa na mtu mwenye nia njema na kamba fupi, katikati ya vyoo vya shimo vya nyumba nne. Mvua ikinyesha, kisima na vyoo vilitembeleana. Watoto waliharisha kila masika, nasi tukasingizia maembe. Aliyetaka maji ya kunywa alibeba bidoni yake, dumu la plastiki, akaenda mtaa wa Bel-Air, ambako kulikuwa na nyumba yenye bomba uani na mwenyewe alikuwa na roho nzuri. Kwenda na kurudi ilikuwa karibu saa nzima, na nusu ya safari ulikuwa na mzigo kichwani.

Bea alikuwa na mimba ya miezi saba. Nesi wa kliniki alimpa maagizo mawili: asibebe vitu vizito, na asinywe maji ya kisima. Wewe mwenyewe jaribu kuyafuata yote mawili kwa pamoja. Ili asinywe maji ya kisima, ilibidi abebe. Kaka yangu alitoka alfajiri kwenda kazini, nami nilitoka nyuma yake kwenda Kamalondo na viatu vyangu vya kisigino. Kwa hiyo Bea alibeba, kila asubuhi, na sikuwahi kujiuliza kikombe cha chai ninachokunywa kimefikaje mezani.

Basi wiki moja chefu wa avenyu, ndiye mkuu wetu wa mtaa, akapita nyumba kwa nyumba na habari. Idara ya maji ilikuwa na bomba moja la kuweka upande wetu wa Kampemba. Avenyu zilizolihitaji zilikuwa mbili, yetu na ile ya nyuma yetu. Mkaguzi angekuja kuona watu wanaishije, kwao siku ya Ijumaa na kwetu siku ya Jumamosi, na bomba lingewekwa pale penye shida zaidi. Chefu akaniomba mimi niandae mapokezi, kwa sababu nilikuwa nimesoma mpaka sekondari na niliweza kusema Kifaransa bila kutokwa jasho.

Hapo ngoja nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo utaniona mjinga tu, na mimi nilikuwa mjinga mwenye sababu. Kwetu Lubumbashi mgeni haoni upungufu. Ukipata mgeni wa ghafla, jirani anapitisha viti juu ya ukuta kabla hujamwomba. Mwingine analeta sahani, mwingine vijiko, mwingine vile vitambaa vya kufuma vya kutandika kwenye makochi. Mgeni anakula, anashiba, anaaga. Vitu vinarudi kwao, na hakuna mtu atakayelitaja jambo hilo hata mkigombana mwezi unaofuata. Ni desturi nzuri sana na sitaki uiache.

Kosa langu ni kwamba nilimpokea mkaguzi kama ninavyompokea mkwe. Makochi mawili yalitoka kwa Baba Dieudo, mwenye duka la kona. Viti sita vilitoka nyumba tatu tofauti, na nilivipanga ili vile visivyofanana visikae jirani. Nilishona mapazia kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kazini, na dirisha moja lililokuwa halina kioo wala ubao nikalipa pazia zito kuliko yote. Vyoo tulivizungushia mikeka mipya. Kisima tulikifunika kwa mbao, na juu ya mbao nikapanga makopo ya maua. Nilirudi nyuma hatua tatu, nikakitazama, nikasema moyoni kwamba kinapendeza.

Kulikuwa na vumbi pia. Ilikuwa mwezi wa tisa, na vumbi letu jekundu wakati huo linaingia mpaka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Nikaona uwanja haufai kupokelea mtu. Bea alikuwa amerudi na bidoni tatu kwa safari tatu asubuhi ileile. Moja nilimwachia ya kupikia. Mbili nilizichukua nikanyunyizia uwanja kwa kopo, taratibu, kuanzia mlangoni mpaka njiani. Bea alikuwa amekaa kizingitini akijikanda kiuno. Alinitazama nikimwaga, lakini hakunizuia. Mimi nilikuwa wifi yake, tena wifi mwenye maneno mengi, na yeye alikuwa mtu mpole.

Mtu mmoja tu alikataa kushirikiana nasi. Huyo alikuwa Kambo Ngoie. Kambo, kama unavyojua, ndivyo tunavyowaita babu na bibi zetu, na huyu alikuwa bibi wa avenyu nzima. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na aliuza makala, ndiyo makaa ya kupikia, kwa mafungu mbele ya mlango wake. Nilimwendea kwa adabu, nikamwomba ayaingize makala yake ndani kwa siku moja tu, kwa sababu yanaharibu sura ya avenyu. Aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye visigino.

"Makala iko kazi yangu," akasema. "Mugeni yako atapita pembeni."

Mkaguzi akafika saa sita. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani, faili kwapani, shati limelowa jasho mgongoni. Nadhani alizoea kupokelewa kwa malalamiko, kwa maana alipoona makochi alisita mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Tukamkalisha. Tukampa munkoyo baridi, kinywaji chetu cha mahindi, tukampa bukari, ndiyo ugali wetu, na kuku na mboga ya lengalenga. Alikula vizuri, na mimi nilisimama pembeni nikihakikisha sahani yake haionyeshi chini. Kisha akafungua faili lake na kuuliza maswali yake, huku akijifuta mikono.

"Mama, maji munapataka wapi?"

Mwanangu, utamwambiaje mtu ambaye bado ana kuku wako mdomoni kwamba maji yako yana mavi? Nilitabasamu. Nilikuwa na tabasamu zuri siku hizo.

"Maji haiko shida, papa. Mungu anatusaidia."

Akaandika. Akauliza kuhusu vyoo, nikasema vipo. Hilo lilikuwa kweli. Baadaye akaomba mwenyewe kwenda chooni, na kwa hilo tulikuwa tumejiandaa. Chefu akamshika mkono akamwongoza mpaka kwa Baba Dieudo, kwenye choo pekee cha avenyu chenye mlango, tena chenye vigae. Alirudi amefurahi. Akasimama uwanjani, akatazama mapazia, akatazama maua ya juu ya kisima, akashusha pumzi.

"Vraiment, muko bien, muko muzuri huku," akasema. "Hata miye nitaweza kuikala huku."

Tulicheka sote. Tulimsindikiza mpaka barabarani, na waliobaki wakanipongeza kana kwamba nimeolewa. Ilikuwa saa kumi kasoro. Nikarudi nyumbani nikiimba, nikaona lile rundo la sahani zenye mafuta, nikaita maji ya kuoshea. Hayakuwepo. Bea alikuwa tayari anafunga kitambaa kichwani. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea kwa ajili ya siku ile, lile la mikono mipana, na akainama kwa shida akaokota bidoni, mkono mmoja umeshika tumbo kwa chini. Hakuwa amenuna. Alikuwa anaenda Bel-Air kama siku zote, kwa mara ya nne siku hiyo.

Kambo Ngoie alikuwa amekaa kwenye makala yake. Aliniita, nami nikaenda nikiwa bado na furaha yangu, nikidhani na yeye ataniambia hongera.

"Nani alikuya leo?" akauliza.

"Mugeni, Kambo."

"Weye njo ulimuita?"

"Hapana. Balimutuma ku bureau ya maji."

"Njo vile. Balimutuma kazi. Mugeni anakuyaka kula. Ule alikuya kuona, na weye ulimulisha mpaka ukamufunga macho."

Nilipandisha mori. Nilikuwa na hasira za karibu siku hizo, na bado ninazo, uliza wajukuu zangu. Nikamwambia kwamba sisi si watu wa kudharauliwa, kwamba wazazi wetu walitufundisha usafi, na nikamwuliza kama yeye alitaka tumwonyeshe mtu wa serikali mavi yetu.

"Ndiyo," akasema Kambo. "Njo kintu alikuya kuona."

Kisha akanivuta mkono nikaketi karibu naye, juu ya gunia, na kitenge changu kipya. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyepanga nyumba zile zibanane, kama mimi ndiye niliyekataa kuleta maji huku mwisho. Nikasema hapana.

"Sasa juu ya nini unasikia haya? Ile haya haiko yako. Uachie benyewe. Bwana yangu alitumika ku reli mpaka mugongo ikainama. Muntu anatumika, anazaa, anaikala mu muji ya bantu, anapashwa kunywa maji muzuri. Haiko zawadi, Mado. Iko haki yake." Akanyoosha kidole njiani, ambako Bea alikuwa bado anaonekana, anatembea polepole kwa ajili ya tumbo. "Na weye ulisema maji haiko shida. Ulisema na kinywa yako. Lakini ile maji iko ku kichwa ya nani?"

Niliinuka nikamkimbilia Bea na visigino vyangu, nikamnyang'anya bidoni. Alidhani nimerukwa na akili. Nilikwenda Bel-Air, na wakati wa kurudi kisigino kimoja kikavunjika, shingo ikaniuma, maji yakanimwagikia mgongoni, na watu walionijua walinisalimia kwa furaha ya kupita kiasi. Tangu siku hiyo niliamka mapema nikachota kabla ya kwenda kazini. Ndipo nilipojua njia ile ina urefu gani. Nilikuwa nimekaa kwenye nyumba ile miaka miwili bila kujua.

Siku kumi baadaye jibu lilikuja. Bomba lingewekwa avenyu ya nyuma, kwa sababu avenyu yetu, kwa maneno ya ripoti, ilikuwa na hali ya kuridhisha. Nilitegemea watu wanitukane. Badala yake walinifariji. Mama mmoja alinishika bega akaniambia tusijali, angalau hatukujiaibisha. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenipiga kofi. Nikaenda kwa Kambo Ngoie, nikamwambia nataka kwenda ofisini kumwambia yule mkaguzi ukweli, lakini naogopa kwenda peke yangu. Akafunika makala yake kwa gunia, akavaa viatu. Ilionekana alikuwa ameningoja siku zote hizo kumi.

Ofisi yenyewe ilikuwa na ukumbi mrefu uliojaa watu wanaosubiri, na mlango wa mkaguzi ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Aliniona kwa mbali akainuka. "Ah, mama ya munkoyo," akasema kwa sauti, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nikaingia, Kambo nyuma yangu, na hakuna aliyefunga mlango. Kwa hiyo kila nilichokiri, nilikikiri mbele ya watu wasiopungua ishirini waliokuwa wameacha mazungumzo yao ili wanisikie vizuri.

Nilisema yote. Nilisema makochi yalikuwa ya Baba Dieudo. Nilimtajia viti kimoja kimoja na mwenyewe wa kila kiti. Nilisema choo alichoingia ni cha mtu mmoja na ufunguo anao yeye, na kwamba chini ya maua kulikuwa na kisima, na nyuma ya pazia zito dirisha halikuwa na kioo. Ukumbi ulicheka, mkaguzi naye akacheka mpaka akavua miwani. Nilipofika kwenye bidoni mbili za Bea nilizomwaga chini ili viatu vyake yeye mkaguzi visipate vumbi, na nikamweleza tumbo la Bea na maagizo ya nesi, hakucheka tena. Aliishika ile miwani mkononi, hakuivaa.

"Lakini mama," akasema, "juu ya nini ulinibongopea?"

"Ulikuwa unakula," nikamjibu. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Kisha nikakosea mara ya pili. Nilianza kumweleza kwamba watu wa avenyu ya nyuma hawana shida kama zetu, kwamba wao wana nyumba mbili za matofali ya kuchoma, kwamba wanaostahili bomba hasa ni sisi. Kambo Ngoie alinifinya paja kwa vidole vyake vya makala mpaka nikanyamaza katikati ya neno.

"Robinet ya bale ba nyuma, ile bomba yabo, uiache palepale," akamwambia mkaguzi. "Nabo bako na kiu. Miye ninauliza kintu moja tu. Avenue iko mbili. Juu ya nini robinet iko moja?"

Mkaguzi alitafuta jibu kwenye karatasi zake, na halikuwemo. Mwanangu, mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, na swali lile halikuwahi kunijia. Nilikuwa nimekubali kwamba maskini washindane wao kwa wao nani ana taabu zaidi, na mshindi anywe maji. Kambo, ambaye hakuwahi kuingia darasani, alikataa mashindano yenyewe. Mkaguzi akaandika swali lake kwenye daftari. Nililiona kwa macho yangu. Akasema ripoti ya kwanza imeshatiwa saini, lakini anaweza kuandika ya pili, ila ni lazima aone mwenyewe. Akauliza aje lini.

"Sasa," akasema Kambo.

Alikuja siku ileile, saa nane, bila taarifa. Na hapo ndipo utakapowajua watu wa kwetu. Mama wa nyumba ya kwanza alipomwona tu kwa mbali, bila kuuliza, alikimbia ndani akatoka na kiti. Wa pili akatoka na kitambaa cha kufuma. Baba Dieudo alikuwa ameshaanza kuburuta kochi kutoka dukani. Kambo Ngoie akasimama katikati ya njia akainua mikono yote miwili.

"Rudisheni biti," akasema. "Leo haiko mugeni. Leo iko kazi."

Walisimama na viti vyao kichwani, wamechanganyikiwa kabisa. Ilibidi nipite nyumba kwa nyumba kuwasihi watu waache kumheshimu. Mkaguzi, kwa kukosa pa kukaa, akaketi juu ya bidoni tupu, akaweka daftari juu ya magoti. Tukaondoa maua, tukaondoa mbao, akachungulia kisimani. Kisha akaingia kwenye choo cha nyumba yetu. Alikaa humo muda mfupi sana, akatoka, akasimama kwenye jua kali, mbali na mlango. Kambo alimletea kikombe cha maji ya kisima, akakiweka mbele yake, hakumlazimisha. Mkaguzi alikitazama kikombe mpaka kila mtu akaelewa kwamba hatakinywa.

Mwanzoni watu waliona haya kusema. Wa kwanza alikuwa Bea, mpole yule. Alisema mtoto wake wa kwanza aliharisha wiki tatu na sasa anaogopa kwa huyu anayekuja. Alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema. Baada yake wakafunguka wote. Mmoja alisema mvua inalala naye kitanda kimoja. Mwingine alisema kwake wanalala watu tisa kwa zamu, wengine wakiamka ndipo wengine walale. Kila sentensi ilikuwa inamtoa mtu kitu kifuani, na kwa namna fulani ikawa siku ya furaha, watu wanakatizana, wanasahihishana, wanacheka shida zao kwa sauti badala ya kuzifunika.

Mwishoni mkaguzi akamwuliza Bea Bel-Air iko umbali gani. Bea akamwambia waende pamoja akaone. Na mtu yule akaenda, na kurudi alirudi na bidoni begani, tai ameitia mfukoni, viatu vimelowa. Avenyu nzima ilikuwa imejipanga njiani kumpokea. Alipoitua mbele ya mlango wetu, akaniambia kwamba ile ripoti yake ya kwanza ataila mwenyewe kwa bukari.

Usifikiri bomba lilikuja wiki iliyofuata. Ripoti ya pili ilikwenda, ikakaa. Tulikwenda kuiuliza, nyumba moja siku hii, nyumba nyingine siku ile, bila kupiga kelele na bila kuchoka, mpaka watu wa ofisi ile wakatujua kwa majina. Wakati huo tulichota kwenye bomba la avenyu ya nyuma, na hawakutunyima, jambo ambalo lilinifundisha adabu, nikikumbuka nilivyotaka kuwanyang'anya. Bea alijifungua salama mtoto wa kike mnene, na bomba letu lilipofunguliwa mtoto huyo alikuwa tayari anatembea. Siku hiyo Bea alijaza ndoo akaibeba hatua kumi tu mpaka nyumbani, akaitua, akarudi kujaza nyingine ambayo hakuihitaji. Nilimwona akifanya hivyo mara tatu, anacheka peke yake.

Sasa nije kwako, kwa maana sikukuita uje kuchekea visigino vyangu tu. Mimi nawaona ninyi vijana wa leo. Mnapiga picha kwa simu kumtumia ndugu aliye mbali, na kabla ya kupiga mnasogea mpaka kwenye geti la mtu mwingine, mnaukata mtaro usionekane, mnakata na choo cha mikeka. Siwacheki. Mimi nilipanda maua juu ya kisima. Jivalie, jipambe, mpokee mgeni wako kwa kila ulicho nacho na kila ulichoazima. Lakini yupo anayekuja kwa ajili ya kula pamoja nawe, na yupo aliyetumwa kuona unaishije ili jambo lifanyike. Huyo wa pili usimpikie. Mpeleke chooni kwenu. Mwonyeshe kisima, mwonyeshe paa, mwambie mnalala wangapi, na umwambie kwa majina ya watu.

Na usimwambie kama mtu anayeomba. Maji safi, choo chenye mlango, nyumba isiyokuangukia, njia isiyokuwa mto wakati wa mvua, hayo ni haki ya kila binadamu, anayekaa kwenye jumba la kifahari na anayekaa mwisho wa Hewa Bora sawasawa. Haki hiyo huipati kwa sababu taabu yako imeishinda ya jirani. Unayo kwa sababu wewe ni mtu. Ukiambiwa kipo kimoja tu na mgombanie, uliza kwanza kwa nini ni kimoja, na uulize ukiwa umemshika jirani yako mkono.

Zaidi ya yote, mwanangu, siku ukitaka kusema kwamba kwenu mambo si mabaya, geuka kwanza umtazame anayeyabeba. Kama ni wewe mwenyewe, sema utakavyo, ni shingo yako. Kama ni mwingine, mama yako, mke wako, dada yako, muulize yeye, halafu wewe unyamaze.

Nenda sasa. Mungu akupe paa linalozuia mvua na majirani wa kukuambia pole ukipiga chafya. Akupe kifua cha kusema ukweli mbele ya ukumbi uliojaa watu, na miguu ya kurudi kesho yake kama hawakukusikia. Na binti utakayemzaa akue bila kujua njia ya maji ina urefu gani.